Abiria Ashuke Kwanza

Neno nililolisema mara nyingi kuliko mengine yote maishani mwangu ni "shuka". Ningependa kuandika kwamba ni "alhamdulillahi", lakini nitakuwa nimeanza na uongo. Nalisema asubuhi mabati ya kituo yakiwa bado hayajapata moto, nalisema adhuhuri lami ikiwa imelainika chini ya viatu, nalisema alasiri koo limekauka hata mate hayapiti. Shuka, mama. Shuka, mzee. Na wewe dereva, usijitie hamnazo, shuka. Mke wangu anasema kuna siku nililisema usingizini, naye akanijibu kwamba tumelala kwenye mkeka, ashuke aende wapi.

Mimi ni muuza mafuta. Kituo chetu kiko Garissa, kando ya barabara ya kwenda Modogashe, pale nyumba zinapoanza kuachana na vichaka vinapoanza kusogea. Tuna pampu mbili, na moja huwa mbovu siku nyingi kuliko siku inazofanya kazi. Tuna ndoo za mchanga zilizopakwa rangi nyekundu, ambazo mbuzi wa jirani huja kuzinusa wakidhani kuna maji. Tuna pia mtungi wa kuzimia moto ambao kila asubuhi naupangusa vumbi na kuusemesha kidogo, maana sina hakika kama siku ya haja utaniitika. Malori ya mifugo hupita kuweka dizeli, lakini wateja wangu hasa ni bodaboda, na hao bodaboda ndio walionizeesha.

Mtu asiyeijua kazi hii ataniuliza kwa nini dereva wa pikipiki asije kujaza mafuta kwanza, peke yake, ndipo akatafute abiria. Nami niliwahi kuuliza, nikachekwa. Bodaboda wa kwetu huamka na tangi kavu na mfuko mkavu. Anasukuma pikipiki au anaiendesha kwa tone la mwisho mpaka apate mtu, anachukua sehemu ya nauli mapema, na kwa hela hiyo anapitia kwangu. Kwa hiyo pikipiki karibu zote zinazoingia kituoni huja na binadamu mgongoni. Sina wa kumlaumu kwa hilo. Ni shida tu, na shida imekuwa mazoea.

Tatizo ni pale tangi lilipo. Gari limeficha mafuta yake huko nyuma, mbali na injini. Pikipiki imeyaweka mapajani mwa dereva, injini ya moto iko chini yake, na bomba la moshi limepita kando ya mguu wa abiria likiwa limechemka kiasi cha kukaangia mkate wa anjera. Mafuta yakifurika kidogo tu, yanateremka moja kwa moja kwenye moto. Na bodaboda hataki tangi lijazwe kwa kiasi, anataka mpaka mdomoni. Akiona yamefika juu, anaishika pikipiki kwa usukani na kuitikisa huku na huku ili hewa itoke yaingie mengine. Nimewaeleza kwamba kwa joto la Garissa mafuta yanavimba ndani ya tangi, kwamba ukiegesha juani nje ya msikiti utayakuta yamevuja hadi kwenye injini. Wananiambia wamelipia petroli, hawakulipia hewa.

Moto niliuona kwa macho yangu, siku ambazo nilikuwa bado mgeni kazini na hakuna aliyekuwa akishushwa. Alikuja dereva mmoja na mwanamke nyuma. Injini ilikuwa inanguruma kwa sababu, alivyosema, akiizima haitawaka tena. Mwanamke alikuwa ameketi upande, kama wanavyoketi wanawake wa kwetu, miguu yote miwili mkono mmoja, jilbabu ameikunja na kuibana chini ya mapaja isije ikanaswa na gurudumu. Mafuta yakafurika. Sauti ya moto haikuwa kubwa, ilikuwa kama mtu amekung'uta shuka. Dereva aliruka. Hata mimi ningeruka, sina neno naye. Lakini aliporuka, pikipiki ilibaki haina wa kuishika, ikalala upande ule ule ilipokuwa miguu ya yule mama.

Tulimwaga mchanga, tukamvuta, akapona. Nasikia anatembea vizuri. Kinachonirudia hata leo ni kwamba aliendelea kukaa pale juu, mikono mapajani, kwa adabu aliyofunzwa tangu utotoni, moto ukiwa tayari umeshika. Aliyesimama chini anakimbia. Aliye juu anamngoja dereva, na dereva ameshakimbia.

Baada ya hapo mwenye kituo, mzee asiyependa maneno mengi, alibandika karatasi kwenye nguzo. Injini izimwe, dereva na abiria washuke, simu ikae mfukoni, pikipiki isukumwe mbele kabla ya kuwashwa. Aliibandika akaenda zake kuswali, akaniachia mimi kazi ya kugombana na watu.

Nimegombana. Kwanza na madereva, ambao kwao kumwambia mwanamke mtu mzima ashuke katikati ya wanaume ni kukosa heshima. Kituoni tunaongea Kiswahili, kwa sababu bodaboda wanatoka kila upande, na kila mmoja anakivunja kwa namna yake. "Warya, wewe nataka mimi naambia hii mama ashuke kama mzigo?" mmoja aliniuliza, na alikuwa amekasirika kweli. "Kesho yeye nachukua bikibiki ingine." Kisha nikagombana na abiria wenyewe. Kuna aliyebeba kibuyu cha maziwa ya ngamia na hataki kuyasukasuka. Kuna aliyepakata mbuzi. Kuna mjamzito ambaye alinitazama tu, akatazama tumbo lake, akanitazama tena, mpaka nikaona aibu. Alishuka, nami nikamshikia mfuko wake na maneno yote aliyonitupia.

Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa wa undugu. Garissa hakuna mgeni. Ukisimama na mpira wa pampu mkononi kwa muda wa kutosha, kila mtu atakuwa ndugu yako. "Unajua hii ni nani? Hii ni habaryar ya wewe," dereva anasema, yaani huyu nyuma ni mama yako mdogo, mdogo wa mama yako, na wewe unamshusha? Na yule mama naye, kutoka juu ya kiti, anaanza kunitajia ukoo, baba wa baba wa baba, mpaka wanakutana huko mbali wanakojua wao, huku foleni inapiga honi. Siku moja abiria aliyekuwa ametoka Hagadera, ambaye hajawahi kunitia machoni, alinipatia babu tunayeshirikiana kabla sijamaliza kumjibu salamu. Mzee mwingine kutoka Buna, msemaji wa Kiborana, alipoona undugu haupatikani kabisa, akasema marehemu baba yangu alikuwa akinywesha ngamia kwenye kisima chao. Huenda ni kweli. Alishuka, akinung'unika habari za kisima.

Wengi walinihama. Ng'ambo ya barabara kuna kituo kingine ambako unawekewa mafuta ukiwa umekaa, na simu sikioni ukipenda. Nilikuwa nawaona wakipita mbele yangu, wakinipungia mkono, wakivuka. Mwenye kituo naye aliona. Akaniita kivulini, akasema ama washuke wote ama asishuke mtu. Siku atakayosikia nimemwachia mmoja kwa sababu ni wangu, ataibandua karatasi kwa mkono wake na tutauza kama wanavyouza ng'ambo. Hakusema kwa hasira. Alisema watu wa hapa wanaweza kuvumilia sheria yoyote isipokuwa ile inayojua shangazi wa nani ni nani.

Nilijua anachosema ni kweli, na nilijua maana yake kwangu. Karatasi ikitoka, atakayekuwa ameshika pampu siku moto mwingine utakaposhika ni mimi. Nilikuwa tayari kuchukiwa na mji mzima, mradi nisiusikie tena ule mkung'uto wa shuka. Basi nikaendelea. Shuka, shuka, shuka. Jioni nilikuwa nafika nyumbani nimechoka ulimi kuliko miguu.

Sasa niiseme siku yenyewe. Ilikuwa mchana, kati ya adhuhuri na alasiri, saa ambazo hata mbuzi wanaacha kututembelea. Kituo cha ng'ambo kilikuwa kimeishiwa petroli, kwa hiyo wote waliokuwa wamenihama walirudi, wamejipanga juani, wamenuna, na kila mmoja anasubiri kuniona nikikosea. Katikati ya foleni aliingia dereva ninayemjua, jirani wa mama yangu. Mama anakaa na dada yangu kwenye bula, kijiji kidogo kilicho nje ya mji, na mjini haji ila kuwe na msiba au harusi. Nyuma ya dereva huyo alikuwa ameketi mwanamke wa jilbabu ya kahawia. Nilimtambua kwa mabega kabla sijamwona uso.

Nilimsalimia. Mimi na mama yangu tunaongea Kisomali, na hapa namwandika kwa Kiswahili jinsi ninavyoweza. Aliitikia upesi, akasema anakwenda kumwona jamaa yake, akatazama mbele. Dereva alizima injini bila kuambiwa, akashuka, akaweka stendi, akashika usukani na kuinamisha macho. Nilidhani ananionea haya. Mama hakushuka.

Kituoni hakuna anayenyamaza kamwe, hata wanaogombana na wenzao kwenye simu, lakini siku hiyo nilisikia bendera ya plastiki ikipigapiga juu ya nguzo.

"Hooyo, shuka," nikasema, yaani mama, shuka.

"Weka mafuta, mwanangu. Tunachelewa."

"Naweka ukishuka."

Nyuma yangu dereva mmoja akasema, "Leo ndio tunaona." Mwenzake akamjibu, "Hiyo ni mama yake. Ataacha." Hakukuwa na ubaya katika sauti zao. Walikuwa wanataka tu kujua kama dunia bado iko vile wanavyoijua.

Nilikasirika, na sitaki kuificha hasira hiyo. Niliona mama ananifanyia ule ukubwa wa kina mama wa kwetu, kwamba amenizaa, amenibeba kiangazini akitembea na ngamia, nami leo ni nani wa kumshusha mahali. Mama yangu si mtu wa kusukumwa. Wakati baba alipofariki, wajomba walikuja kumwamulia mambo yake, wakaondoka wamebeba mizigo ya kwenda kumuuzia sokoni. Kwa hiyo nilipomwona ametulia pale juu, kidevu kimeinuka, nilisema moyoni, haya, ameanza.

Kisha akainama kidogo, akasema polepole, "Leo niache."

Mama yangu haombi. Anaamuru, na akishindwa kuamuru anafanya mwenyewe. Neno lile lilinishtua kidogo, lakini nilikuwa na macho ya watu mgongoni na sauti ya mwenye kituo kichwani. Ningeweza kusema pikipiki isogezwe mbali na mafuta yapelekwe kwa chupa, lakini chupa nazo tulikuwa tumezikataza kwa kila mtu. Hakukuwa na pa kupitia. Nilimwambia kwamba nikimwacha yeye, kesho sitaweza kumshusha mtoto wa mtu mwingine, na kwamba yule mwanamke aliyeungua alikuwa mama wa mtu pia. Habari ya yule mwanamke alikuwa anaijua. Nilikuwa nimemsimulia, na wakati ule alilia.

Akawatazama bodaboda. Akanitazama mimi. "Haya," akasema.

Dereva hakumpa mkono, kwa kuwa si mtu wake, nami nilikuwa nimeshika mpira wa pampu. Aliteremsha mguu wa kulia, ukagusa chini. Wa kushoto aliuteremsha kwa mikono miwili, ameushika juu ya goti, kama kitu alichopewa na mtu amshikie. Ulipogusa sakafu, uso wake ukabadilika rangi, akauegemea mwili wa pampu kwa kiganja. Jilbabu ilikuwa imepanda kidogo. Niliona mguu umefungwa kitambaa cha nguo yake ya zamani, ile ya maua, tangu vidoleni hadi juu ya kifundo, na kitambaa kilikuwa kimelowa. Harufu yake niliisikia kupitia harufu ya petroli.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuhesabu mambo. Mama ana sukari, hilo sote tulijua. Kila Ijumaa nakwenda kula kwake. Namkuta ameshaketi mkekani, kanga imemfunika miguu, na ninapoondoka namwacha ameketi. Dada yangu akisema mama amekuwa mvivu siku hizi, mama anacheka. Tangu lini sijamwona akitembea, sikuweza kujibu.

"Sasa weka," akasema.

Niliweka. Sikumwaga hata tone, wala sikujaza mpaka mdomoni. Nilifunga kifuniko, nikapangusa tangi, na dereva akaisukuma pikipiki mbele, mbali na pampu, kama karatasi inavyosema. Muda wote huo mama alisimama wima. Hakuna aliyemsikia akiguna.

Lakini sasa pikipiki ilikuwa kule na yeye yuko hapa. Nikamwona anaipima ile nafasi kwa macho. Alikuwa hawezi. Nilipomsogelea aliniambia kwa ukali, bila kufungua meno, "Usinibebe mbele ya watu."

Sikujua la kufanya. Nilisimama mbele ya mama yangu kama mti.

Aliyejua ni dereva mmoja mkubwa kwa umri, mwenye ndevu zilizotiwa hina, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kunibishia. Hakusema na mimi. Aliwaambia wenzake neno moja, akageuka, akatupa uso wake barabarani. Wakageuka wote. Wale wa mbele, wale wa nyuma, abiria wao wanaume, hata dereva wa lori la mbuzi aliyekuwa akisubiri dizeli aligeuza shingo na kuwatazama mbuzi wake. Kituo kizima kilikuwa migongo mitupu, na jua juu yake.

Nikambeba. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba nilikaribia kumwinua kupita kiasi, maana mikono yangu ilikuwa imejiandaa kumbeba mama ninayemkumbuka. Nilihisi mbavu zake. Akaniambia sikioni kwamba haendi kwa jamaa yeyote, anakwenda hospitali, na kwamba nisimwambie dada yangu. Nikamweka kwenye kiti, nikamkunjia jilbabu vizuri chini ya mapaja isinaswe na gurudumu. Dereva akawasha, wakaondoka. Ndipo wale watu wakageuka tena. Aliyefuata kwenye foleni alikuwa na mwanamke nyuma. Mwanamke alikuwa ameshashuka kitambo, amesimama kando, amejishika mtandio.

Nilimwachia pampu kijana ninayefanya naye kazi, nikamfuata mama hospitalini kwa pikipiki ya yule mzee wa hina. Nilimkuta kwenye benchi, amekasirika kwamba nimekuja. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alinieleza mbele yake. Mwiba ulimchoma unyayo akiwa zizini, hakuusikia kwa sababu sukari imeua hisia za unyayo, kidonda kikaoza kutoka ndani na kupanda hadi panapouma. Mguu ukatwe chini ya goti, na usicheleweshwe. Mama hakushtuka. Alikuwa ameshaambiwa hivyo alipokuja mara ya kwanza, peke yake, na dereva yule yule. Alirudi nyumbani akakaa na habari hiyo, akafikiri, akakata shauri, na siku hiyo alikuwa anakwenda kukatwa. Hakutaka kutwambia, kwa kuwa alijua tungekaa kikao. Wajomba wangeitwa, kila mtu angekuwa na dawa yake, na wakati sisi tunazungumza mguu ungeendelea kuoza.

"Nilitaka kupita kwako nikuone tu," alisema. "Nilimwambia dereva aweke mafuta kwako. Nilisahau karatasi yenu."

Alikatwa. Alipona vizuri, namshukuru Mungu, na leo anaamuru watu akiwa ameketi kama alivyokuwa akiwaamuru amesimama. Lakini mara ya mwisho nilipomwona mama yangu amesimama kwa miguu yake miwili ilikuwa pale kando ya pampu, kiganja chake juu ya bati la moto, na mimi ndiye niliyemwambia ashuke. Naweza kujieleza mpaka kesho kwamba nilikuwa na haki. Nilikuwa nayo. Inaniuma vile vile.

Na sheria? Sheria imekaa. Sigombani tena. Abiria akibisha, kabla sijafungua mdomo, dereva wake mwenyewe anamwambia, "Shuka tu, mama. Hata mama yake alishuka." Kiborana kinasemwa, Kisomali kinasemwa, Kiswahili cha kila aina kinasemwa. "Mama ya huyu alishuka na mguu fibaya, wewe nakataa na mguu zima?" Dereva wa lori aliyetoka Modogashe aliniambia amelisikia neno hilo huko, kwenye kituo ambacho sijawahi kukanyaga. Waliokuwa wamenihama wamerudi, wengi wao. Mwenye kituo anafurahi, karatasi imepauka juani na hakuna anayehitaji kuisoma.

Ungedhani nitapumzika. Ulimi umepumzika kweli, ila zamani nilikuwa nachoka kwa kusema na sasa nachoka kwa kusikia. Kila wanaposema, naiona nguo ile ya maua. Wapo wanaosema huku wananitazama kwa heshima, wakidhani wananipa kitu. Nilimwendea yule mzee wa hina nikamwomba awaambie waache. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Walaal," akasema, yaani ndugu yangu, "sisi hasemi kwa ubaya. Hii maneno nasaidia wewe. Betroli haijui mama ya mtu." Nilimwambia najua. Nilirudi kwenye pampu.

Ijumaa iliyofuata nilimwambia mama. Sikuwa nimepanga kumwambia. Tulikuwa tumemaliza kula, dada yangu ameondoa sinia, na mimi nilikuwa nimechoka kiasi cha kutochunga mdomo. Nilimwambia kwamba jina lake limekuwa sheria ya barabarani, kwamba wanamtaja kutwa nzima, kwamba sitaki lakini siwezi kuwazuia. Nilitazamia akasirike. Mama si mtu wa kupenda kutajwa na wanaume.

"Wanashuka?" akauliza.

"Wanashuka."

"Na wazee?"

"Na wazee. Na wenye maziwa. Wote."

Akawa analikunjua na kulikunja pindo la kanga iliyomfunika, pale ambapo kanga inalala bapa kwa sababu chini yake hakuna kitu. Alikuwa anafurahi. Namjua, alikuwa anafurahi na hakutaka nione.

"Na mimi nikija tena kwako," akasema, "na huu mmoja uliobaki. Utaniambia nishuke?"

Nilitaka kusema hapana. Kila kilichomo ndani yangu kilitaka kusema hapana, na yeye alikuwa ananitazama usoni akiningoja, kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo na nimeulizwa nani aliyeachia ndama akanyonya.

"Nitakwambia, hooyo."

"Vizuri," akasema, akaniamuru nimsogezee chai.